Siku Ndege Ilipokwama Lodwar

Ndege iliyowachukua kutoka kambi ya Kakuma ilikuwa ndogo, ya viti kumi na viwili, na asubuhi ile ya Novemba 2012 ilibeba wakimbizi watano tu pamoja na msindikizaji wao. Ilipaswa kutua Lodwar kwa dakika ishirini, ijaze mafuta, kisha iendelee na safari ya Nairobi. Dakika ishirini zikapita. Rubani alilizunguka gurudumu la kushoto mara ya tatu, akachuchumaa, akapapasa kitu kwa ndani, akainuka akijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akamwita msindikizaji pembeni.

Msindikizaji huyo aliitwa Rael. Alikuwa mwanamke kijana wa Kitale, mwaka wake wa pili katika shirika la kuwasafirisha wakimbizi, na faili lenye majina ya wasafiri halikumtoka kwapani. Aliporudi aliwaeleza kwamba breki ya gurudumu imeharibika. Kipuri kitaletwa na ndege nyingine kutoka Nairobi, na ndege hiyo haitafika kabla ya saa kumi jioni. Aliwaomba wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa safari yao ya kwenda ng'ambo ilikuwa keshokutwa. Wakati huo ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

Elyse alimtazama baba yake kuona kama amesikia. Mzee Onésphore alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha abiria, mkoba wa nyaraka kifuani, uso ameuelekeza mashariki, ingawa upande ule hapakuwa na kitu ila uzio, mikoma michache na vilima vya rangi ya kahawia.

Walikuwa wawili tu katika faili lao, wakielekea Marekani. Elyse alikuwa na miaka ishirini, na baba yake alikuwa anakaribia sitini. Walitoka Rumonge, Burundi, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1996, Elyse akiwa mtoto wa miaka minne. Wakakaa kambini Tanzania miaka minane, na Kakuma mingine minane. Mama yake Elyse alifia Kakuma. Rumonge baba alikuwa mvuvi. Kakuma alitengeneza baiskeli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mkewe afariki hata hayo machache yalipungua.

Rael alipompigia simu mkubwa wake Kakuma, aliambiwa awapeleke wasafiri hotelini wapumzike. Alipiga simu hoteli nne. Zote zilikuwa zimejaa, kwa kuwa mwaka ule mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana na mji ulikuwa umefurika wageni wa visima. Jua lilikuwa limeshaanza kukipasha moto kibanda cha mabati. Nyaduoth, mama wa Kinuer aliyekuwa akielekea Australia na binti zake wawili, alikuwa tayari amewavua watoto viatu na kuwapepea kwa bahasha ya shirika.

Ndipo Onésphore alipoinuka akamwendea Rael.

"Binti yangu," alisema, "nasikia ziwa liko karibu na mji huu."

Rael alisema hakika yake haijui, yeye si mwenyeji. Aliyejibu alikuwa dereva wa Land Cruiser ambalo Rael alikuwa amelikodi ili liwapeleke hotelini, Mturkana mmoja mrefu aitwaye Lomunokol, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa gari akisikiliza. Alisema kutoka Lodwar hadi Kalokol ni saa moja na nusu, ukienda vizuri. Yeye kwao ni Kalokol. Mama yake anakausha samaki pale pale ufukoni.

"Miaka minane nimekula samaki wa ziwa hilo sokoni Kakuma," mzee akamwambia Rael. "Maji yenyewe sijawahi kuyaona. Ningeomba kuyaona kabla sijaondoka."

Elyse alishangaa. Hakuwahi kumsikia baba akiomba kitu kwa mtu wa ofisi. Kule kambini, kutoka kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji sababu: hospitali, shule, msiba. Kutaka kuona maji si sababu ambayo mtu angeijaza kwenye fomu, kwa hiyo hakuwahi kuijaza.

Rael alifungua faili, akalifunga. Alimuuliza Lomunokol mara mbili kuhusu barabara. Alimuuliza rubani kama kweli ndege haiwezi kuwahi, na rubani akamwambia kwamba katika maisha yake hajaona kipuri kilichowahi. Akarudi kwa Nyaduoth akamweleza, kwa maana asingeweza kuwagawa watu wake. Wakienda ni wote, wakibaki ni wote. Nyaduoth akauliza kama huko kuna upepo. Alipoambiwa uko, akaanza kuwavalisha watoto viatu.

Kabla ya kuondoka Rael alimpigia tena mkubwa wake, akamwambia hoteli zimejaa lakini amepata mahali penye kivuli na hewa nzuri. Hakusema ni wapi, na mkubwa wake hakuuliza.

Barabara ya Kalokol ilikuwa ya lami zamani. Sasa lami ilibaki vipande vipande, na palipozidi mashimo Lomunokol alishuka kando akapita mchangani. Kiyoyozi hakikufanya kazi. Walipita ngamia, wakapita wanawake wenye magunia ya makaa. Mahali fulani kando ya njia palikuwa na mawe marefu yamesimama kama watu wanaosubiri kitu, na Lomunokol akasimamisha gari, akaeleza kwamba apitaye huweka kokoto juu yake ili safari yake iwe njema. Binti za Nyaduoth walishuka, wakaweka. Rael naye akaweka. Elyse aliweka mbili, yake na ya baba yake, kwa sababu mzee hakushuka. Alibaki kitini ameshika mkoba wake.

Njiani Elyse alikuwa akimuwaza Caritas.

Caritas ndiye mtu pekee waliyemwacha Kakuma. Alikuwa mjane, au ndivyo watu walivyomwita, ingawa mwenyewe hakulikubali neno hilo. Mumewe, Ildephonse, alivua pamoja na Onésphore miaka sita katika mtumbwi mmoja. Vita vilipofika Rumonge, Caritas alitangulia kuvuka mpaka kwa njia ya ziwa na watu wengine, na Ildephonse akabaki nyuma kumtafuta mama yake. Onésphore na familia yake walipofika upande wa Tanzania, Caritas alikuwa amesimama ufukoni. Aliwauliza kama wamemwona mumewe. Onésphore akasema hakumwona.

Tangu siku hiyo aliambatana nao. Aliwafuata kambi hadi kambi, akajenga ukuta kwa ukuta nao. Yeye na Onésphore waliitana shemeji. Mama yake Elyse alipofariki, ni Caritas aliyemsuka Elyse nywele, aliyemfundisha kukanda unga, aliyekaa naye alipoanza kupata hedhi. Na kila walipofika Warundi wapya kambini, Caritas aliacha karai la mandazi jikoni akaenda kuwauliza: mwanamume mrefu, ana kovu la ndoana juu ya jicho, mmemwona? Aliwauliza hivyo miaka kumi na sita. Kuna fundi wa viatu Mkongomani, mtu mwema, aliyemposa mara mbili. Caritas alimjibu kwamba ana mume, ila hajui alipo.

Asubuhi ile aliwasindikiza mpaka kwenye lango la uwanja, akawapa chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Hakulia mbele yao. Faili lake lilikuwa bado halijaitwa.

Walifika saa tano na nusu. Baada ya mji wa Kalokol gari lilipenya katikati ya vichaka vya mathenge, miiba ikikwaruza milango, kisha vichaka vikaisha ghafla na maji yakawa mbele yao, mengi, ya kijani, yakienda mpaka pasipoonekana mwisho. Binti za Nyaduoth walizaliwa kambini. Maji mengi kupita yote waliyowahi kuyaona yalikuwa ya lagga, ule mto mkavu wa kambini, siku ya mafuriko. Walisimama kidogo wakiyatazama, kisha wakakimbia. Mdogo aliyachota akayanywa, akayatema, akamlalamikia mama yake kwamba yana magadi.

"Hii maji iko na mamba," Lomunokol aliwaonya. "Watoto wasipite pale kwa boti."

Mama yake Lomunokol, Akeno, alikuwa chini ya kibanda cha makuti ya mikoma akipasua tilapia. Aliwasalimu mmoja mmoja, ejok, ejok, akaosha mikono, akawatandikia ngozi. Aliposikia kwamba ni watu wa kambini wanaokwenda mbali, alichagua samaki sita wabichi akawaweka juu ya makaa. Rael, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajakaa, alivua viatu akanyoosha miguu. Upepo ulikuwa mwingi, wenye harufu ya samaki na chumvi. Nyaduoth alifunga macho.

Onésphore hakuja kukaa. Aliwaendea wanaume wawili waliokuwa wakiushona wavu, akawatazama kwa muda, kisha akachuchumaa akashika upande mmoja. Hawakuwa na lugha moja nzuri ya kuongea, ila Kiswahili cha kubahatisha. Mmoja alimpa sindano ya mti. Elyse alimwona baba yake akiupitisha uzi, akiubana kwa kidole, akifunga fundo bila kuangalia, na akatambua kwamba hajawahi kuiona kazi ya baba yake. Alizijua tu tairi na minyororo. Wale wanaume walimtazama mzee mikononi, wakatazamana, wakamsogezea wavu zaidi.

Samaki walipoiva Elyse alimpelekea wake kwenye sahani. Mzee aliweka sindano chini, akamwambia amfuate. Walitembea kando ya maji mpaka sauti za watoto zikawa ndogo. Hapo mzee akasimama. Hakuigusa sahani.

"Nina jambo la kukwambia," alisema. "Nilifikiri nikiona maji nitaweza."

Alizungumza akitazama ziwa. Siku waliyovuka, alisema, ilikuwa alfajiri, mwanga haujakaa sawasawa, ukungu umelala juu ya maji. Mtumbwi wake ulikuwa wa watu tisa. Walipanda kumi na tisa. Kila mawimbi yalipopiga maji yaliingia ndani, na milio ya risasi ilikuwa imeshafika kwenye nyumba za ufukoni. Mama yake Elyse alikaa katikati na Elyse mapajani. Walikuwa wameshaanza kusukuma walipokuja watu wengine wakikimbia majini. Wengi walikata tamaa, wakarudi. Mmoja hakurudi. Aliogelea, akaushika ukingo wa mtumbwi upande aliokaa Onésphore, na mtumbwi ukalala. Watu wakapiga kelele. Maji yakamfika mama yake Elyse kiunoni.

"Nikampiga mkono kwa kasia," baba alisema. "Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili akaachia."

Elyse akauliza alikuwa nani, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Ildephonse."

"Ulimjua kabla ya kumpiga, au baada?"

Mzee aligeuka kutoka majini, akamtazama. "Kabla," alisema.

Elyse aliketi mchangani. Alimfikiria Caritas akivuka barabara ya kambi, mikono ina unga, kwenda kuwauliza wageni. Alikumbuka mwenyewe akiwa mtoto, akishikwa mkono kwenda naye, akiyajua maswali yale kwa moyo kama sala. Na pale nyuma baba yake alikuwa akiinamia gurudumu la baiskeli, akijua. Hasira ilimpanda mpaka akaisikia masikioni. Chini ya hasira palikuwa na jambo jingine lililomtisha zaidi: kwamba yeye alikuwa ndani ya mtumbwi ule, mapajani mwa mama yake, na kwa hiyo yuko hai, ameketi hapa.

Alimuuliza kama mama alijua. Mzee akasema alijua, na kwamba hawakuwahi kuliongea, hata siku moja.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu nataka kumwambia yeye. Kambini nilishindwa. Tulikaa ukuta mmoja, nikaona nikimwambia jioni, asubuhi tutaamkaje. Marekani nitashindwa zaidi. Leo nimepewa siku ambayo haikuwa yangu. Labda ungempigia wewe. Wewe anakupenda."

Elyse aliinua kichwa. Tangu afariki mama yake, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa baba: kwenye foleni ya chakula, kwenye usaili wa shirika, hospitalini. Kila lililokuwa gumu kusemwa, alilisema yeye.

"Hapana, baba," alisema. "Hili utalisema mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kana kwamba alilitegemea jibu hilo. Elyse alitoa simu yake, ile ndogo ya vitufe. Mtandao ulikuwa unaingia na kutoka, ikabidi wapande kichuguu cha mchanga. Alibonyeza jina, akasubiri isikike inaita, akampa.

Alikaa hatua chache tu kutoka kwake, akasikia yote ya upande mmoja. Caritas alidhani wameshafika Nairobi, na baba akamweleza kuhusu ndege. Akamweleza yuko wapi. Kisha akasema, "Shemeji, kaa chini kama umesimama," na akasimulia, kwa Kirundi sasa, lugha ambayo hakuwa akiitumia sana. Hakuficha kitu. Hakusema watu walikuwa kumi na tisa mpaka mwisho, na alipolisema hakulisema kama utetezi. Elyse alilitambua hilo na akalishika moyoni.

Alipomaliza, baba alikibana kile kisimu sikioni kwa mikono miwili. Elyse alifikiri mtandao umekatika. Kisha akaisikia sauti ya Caritas, ndogo, kama inatoka chini ya ardhi, ikiuliza swali moja.

Baba alifunga macho. "Alisema, ni mimi," alijibu. "Alisema, Onésphore, ni mimi."

Simu ikakatwa.

Hawakuipiga tena. Mzee alimrudishia Elyse simu, akakaa chini juu ya kichuguu, akalia kwa namna ambayo Elyse hakuwahi kumwona akilia hata kwa mkewe, mabega yakipanda na kushuka bila sauti. Elyse hakumkumbatia. Hakuwa tayari. Lakini hakuondoka pia. Alikaa pale pale, na baada ya muda akaichukua sahani ya samaki, akautoa mwiba, akamwekea baba kipande mkononi, akamwambia ale kwa sababu safari bado ni ndefu. Baba akala.

Rael alikuja mbio akiwa amebeba viatu vyake. Ndege ya kipuri iliondoka Nairobi mapema kuliko ilivyosemwa. Rubani alikuwa amepiga simu akitaka abiria wawe uwanjani saa tisa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Nyaduoth alikuwa ameshawabeba watoto, nguo zao zinachuruzika. Akeno aliwafungia samaki wakavu kwenye karatasi, akawashika wote kichwa, mmoja mmoja, akiwaombea kwa Kiturkana. Alipofika kwa Onésphore alimtazama macho yaliyovimba, akamshikilia kidogo zaidi ya wengine.

Kwenye mathenge gari lilizama mchangani. Lomunokol hakupandwa na hasira. Alipunguza upepo wa matairi, akakata matawi ya kuweka chini, na wote wakasukuma, Nyaduoth akiwa mwenye nguvu kuliko wote. Walipotoka Rael alikuwa na mchanga mpaka kwenye nyusi, na alikuwa akisema peke yake kwamba kazi imeisha, kazi yake imeisha leo. Onésphore alimsikia. Alimwambia kwamba iwapo ataulizwa, aseme mzee mmoja aliugua na akataka hewa, na kwamba huo hautakuwa uongo.

Waliingia uwanjani saa tisa na robo. Fundi alikuwa bado amelala chini ya bawa, na ndege haikuwa tayari mpaka saa kumi na nusu. Hakuna aliyewauliza walikotoka.

Simu ya Elyse iliita walipokuwa wakipanga foleni ya kupanda. Ilikuwa Caritas. Sauti yake ilikuwa imekauka. Hakuuliza kama baba yuko karibu.

"Sitaki kuongea na baba yako," alisema. "Sijui kama nitataka. Wewe nitakuwa nakutaka. Ukifika nipigie."

Elyse alisema, "Mama, nisamehe."

"Ulikuwa na miaka minne," Caritas akajibu. "Usiombe msamaha kwa kitu ambacho hukukifanya, utakuwa mtu wa ajabu." Akavuta pumzi. "Walimzika?"

Elyse alimgeukia baba, akamuuliza. Mzee alisema hajui. Maji yalimchukua, na wao walivuka. Elyse alimrudishia Caritas jibu hilo kama lilivyokuwa, na ndiyo mara ya mwisho aliyosema kwa niaba ya baba yake siku hiyo. Caritas alisema vema. Alisema ana mandazi motoni, akakata simu.

Ndani ya ndege walikaa viti viwili vya nyuma. Baba alimwuliza kama atakuwa na hasira naye muda mrefu. Elyse alimjibu kweli, kwamba hajui, huenda ndiyo. Baba akasema ni haki yake. Watoto wa Nyaduoth walilala kabla ndege haijapaa.

Marekani walipelekwa kwenye mji wa baridi, nyumba ya ghorofa ya tatu. Elyse alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, baba akapata ya kufagia stoo. Hasira ilikaa naye majira yote ya baridi. Wakati mwingine ilimwisha wiki nzima, kisha ikarudi kwa kitu kidogo, kwa kumwona tu baba akifunga kamba za viatu. Hata hivyo walikula meza moja kila jioni, na mzee alianza kuongea. Alimsimulia kuhusu Ildephonse: jinsi alivyokuwa akiimba vibaya, jinsi alivyomfundisha yeye, aliyekuwa mkubwa kwa umri, kusoma saa. Alipotaka kuzungumza na daktari, alizungumza mwenyewe, kwa Kiingereza cha maneno kumi.

Kila Jumapili Elyse alimpigia Caritas. Waliongea juu ya bei ya unga, na mvua, na nani amefika kambini. Wiki za kwanza Elyse alisubiri kusikia kwamba ameenda kuwauliza wageni. Hakusikia. Mwezi Februari 2013 Caritas alimwambia kwamba amemwendea padri, akamwomba misa ya marehemu. Padri alitaka kujua alifariki lini. Alimpa tarehe, mwezi na mwaka, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa na tarehe ya kutoa.

Jumapili iliyofuata Caritas alichelewa kupokea simu. Alipoipokea kulikuwa na makelele ya watu nyuma yake na vyombo vikigongana. Walikuwa wamemaliza kilio, alisema. Warundi wote wa zoni yao walikuja, na Wakongomani, na hata majirani wa Sudan Kusini walileta kiti kila mmoja. Fundi wa viatu ndiye aliyepika maharage, na aliyaunguza. Watu walisimama wakasema maneno juu ya Ildephonse, hata wasiomjua, kwa sababu kwa miaka yote hiyo walikuwa wameulizwa habari zake.

Elyse alitaka kumwuliza kama amelia, lakini Caritas alikuwa anaitwa. Alisema anakwenda kuwapa watu maji ya kunawa. Halafu akasita.

"Baba yako yupo hapo?"

Elyse alisema yupo. Alikuwa dirishani, ameisikia sauti, hajageuka.

"Mwambie watu walikuwa wengi," Caritas alisema.